Lambo la Pili: Historia ya Majitaka na Uwanja wa Watu, kutoka Thames hadi Bariadi

Tarehe 2 Agosti 1858, London ilipata sheria ya kuujenga upya mfumo wake wa majitaka. Kiangazi cha mwaka ule kilikuwa kikali, na mto Thames, uliokuwa ukipokea uchafu wa mji mzima, ulinuka kiasi kwamba mapazia ya Bunge yalilowekwa dawa ya chokaa ili wabunge waweze kukaa ndani. Siku iliyofuata, tarehe 3 Agosti, John Hanning Speke, akiwa na Sidi Mubarak Bombay baada ya mwendo mrefu wa miguu kutoka pwani na kupita nchi ya Wasukuma, alifika juu ya kilima karibu na Mwanza ya leo akayaona maji makubwa ambayo wenyeji walikuwa wameyajua na kuyavua tangu enzi. Akayapa jina la malkia wake.

Wakati ule hakuna aliyeyaunganisha mambo hayo mawili. Kwa mkazi wa Simiyu, mkoa wa Usukumani nchini Tanzania, yanaungana. Ghuba iliyopewa jina la Speke ndiko yanakoishia maji ya mto Simiyu, yakiwa yamekusanya mvua na taka za nchi kubwa inayoanzia upande wa Serengeti. Nayo namna ya kushughulikia majitaka iliyoamuliwa London mwaka ule ndiyo iliyokuja kuletwa katika miji mingi ya Afrika Mashariki, pamoja na mazuri yake na makosa yake.

Mhandisi aliyepewa kazi London aliitwa Joseph Bazalgette. Alijenga mifereji mikubwa ya matofali chini ya ardhi, na kando ya Thames akajaza ukingo mpya wa mto. Chini ya ukingo huo ulipita mfereji wa majitaka. Juu yake ikapita barabara, na kukapandwa miti na bustani. Ukingo huo, Victoria Embankment, ulifunguliwa mwaka 1870, na mpaka leo watu hukaa kwenye bustani zake bila kujua kinachopita chini ya miguu yao. Hilo ndilo zuri. Kosa lilikuwa kwamba majitaka yenyewe yalisafirishwa tu hadi mashariki ya mji na kumwagwa mtoni yalivyo. Mji ulipata bustani, na watu wa chini ya mto wakapata uchafu.

Uzunguni na Uswahilini

Utaratibu huo ulipovuka bahari, ulipungukiwa na bustani. Dar es Salaam chini ya Waingereza iligawanywa kanda tatu kwa aina ya majengo, na kila mtu alijua maana yake: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Mabomba ya majitaka yalipojengwa katika miaka ya 1950, yalihudumia katikati ya mji na kwenda kumwaga baharini. Uswahilini kulibaki choo cha shimo, na masika yalipofika baadhi ya watu walitapisha vyoo, yaani walifungulia shimo ili mafuriko yabebe kilichomo. Desturi hiyo haijatoweka kabisa. Haikutokana na ujinga. Pale ambapo gari la kunyonya haliwezi kupita na bomba halijafika, mvua ndiyo huduma pekee inayokuja mlangoni.

Usukumani kwa wakati huo majitaka hayakuwa suala. Suala lilikuwa kiu. Mwaka 1947 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango mkubwa wa maendeleo ya Usukuma, makao yake yakiwa Malya. Wakulima walitakiwa kulima kwa matuta ya kukinga maji, kupunguza mifugo na kulipia ng'ombe waliouzwa. Pamoja na amri hizo yalikuja malambo: mabwawa ya udongo yaliyochimbwa mabondeni ili kushika maji ya mvua kwa ajili ya watu na ng'ombe.

Amri zilipingwa. Vyama vya ushirika vya wakulima wa pamba, chini ya uongozi wa Paul Bomani, vilikuwa vimewapa watu sauti. Chama cha TANU, kilichodai uhuru, kilizuiwa kufanya kazi katika eneo hilo kuanzia 1954, na mwaka 1958 maandamano ya Geita yalionyesha kwamba utawala wa amri ulikuwa umefika mwisho. Sheria za mifugo na matuta zilikufa. Malambo yalibaki. Ng'ombe waliendelea kunywa, wanawake waliendelea kuteka, vijana waliendelea kukutana kwenye kingo zake, na ukuta wa udongo ulipobomoka palikuwa na mtu wa kuona na watu wa kuitwa.

Hapo ndipo historia ya Simiyu inapotoa fundisho ambalo wahandisi wa majitaka walichukua miaka mingi kulifikia: mtambo wa maji hudumu pale ambapo watu wana sababu ya kwenda kila siku.

Mabwawa nje ya mji

Baada ya uhuru, miji ya Afrika Mashariki ilichagua njia iliyofaa jua lake: mabwawa ya majitaka. Majitaka huingia kwanza katika bwawa lenye kina kirefu, mita mbili hadi tano, lisilo na hewa ya oksijeni chini. Humo tope hutua na vijidudu huanza kulila. Kisha majitaka hupita katika bwawa pana la kina cha mita moja na nusu hivi, ambamo mwani wa kijani hutumia jua kutoa oksijeni, na bakteria huitumia oksijeni hiyo kumaliza uchafu uliobaki. Mwisho huingia katika mabwawa ya kina kifupi, takriban mita moja, ambako jua na muda huua vimelea vya magonjwa. Hakuna pampu ya lazima wala umeme. Mhandisi Duncan Mara, aliyefundisha Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1970 kabla ya kwenda Chuo Kikuu cha Leeds, alikuwa miongoni mwa waliofanya hesabu za mabwawa haya zieleweke na kutumika katika nchi za joto.

Dar es Salaam ilijenga ya kwake Vingunguti, Mikocheni, Kurasini, Lugalo na kwingineko. Moshi ilijenga Mabogini, Dodoma ikawa na Swaswa, Mwanza ikawa na Butuja upande wa Ilemela. Nairobi ilijenga Ruai mtambo wa Dandora, mojawapo ya mikubwa zaidi ya aina hiyo barani Afrika, na wapenda ndege wakaanza kwenda huko kutazama bata maji na korongo.

Karibu yote yalijengwa kwa fikra moja: mbali na macho. Lakini miji ya Afrika Mashariki haikukaa ilipopangwa. Vingunguti, nyumba zilisogea hadi ukingoni mwa mabwawa. Watu wakaishi jirani na eneo ambalo halikuwa limepangwa kwa ajili yao, wakapita kando yake kwenda kazini, wakapanda mboga kwa maji yake. Hakuna aliyewaeleza ni bwawa gani hatari na lipi lina nafuu. Mji wenyewe ulikwisha kuyafanya mabwawa kuwa mahali pa watu. Kilichokosekana ni mtu wa kuyapanga hivyo.

Mabogini hali hiyo ilizaa kitu cha manufaa. Maji yanayotoka katika mabwawa ya Moshi yamekuwa yakitumiwa na wakulima wa mpunga wa upande wa chini, kwa kuwa yana rutuba na hayakauki kiangazi. Kwa hiyo mkulima wa Mabogini anajali hali ya bwawa kuliko mtu yeyote wa mjini aliyelijaza. Anayepata faida ndiye anayelinda.

Matete, kokoto na meza za chakula

Njia nyingine ilianzia Ujerumani. Katika miaka ya 1950 mtafiti Käthe Seidel alianza kuonyesha kwamba matete na mimea mingine ya majini inaweza kusafisha maji machafu. Wazo lake lilikua likawa ardhi oevu ya kutengenezwa: shimo pana lisilovuja, lililojazwa kokoto na kupandwa matete au mafunjo. Majitaka, baada ya kutua tope katika karo, hupita polepole ndani ya kokoto chini ya usawa wa ardhi. Juu mtu huona shamba la matete. Haoni maji, na harufu ni kidogo sana.

Afrika Mashariki ilipata mfano wake wa wazi mwaka 1994, Nairobi, si katika mtambo wa serikali bali katika mkahawa wa Carnivore na bustani ya kuogelea ya Splash jirani yake, si mbali na uwanja wa ndege wa Wilson. Majitaka ya jikoni, ya vyoo na ya wafanyakazi yalielekezwa katika kitanda cha kokoto kilichopandwa mimea, kisha katika mabwawa matatu yanayofuatana, yote katika eneo la kiasi cha nusu hekta. Waliopima walikuta uchafu unaokula oksijeni ya maji umepungua kwa zaidi ya asilimia 90. Kilichowagusa zaidi wageni, hata hivyo, ni kwamba mahali penyewe palipendeza. Njia zilizunguka mabwawa, ndege walihamia, na mtu aliyeshiba alitembea kando ya maji ambayo siku kadhaa kabla yalikuwa ya kuoshea sahani. Mbunifu wa bustani na mhandisi walikuwa wamefanya kazi moja.

Tanzania haikuwa nyuma sana. Mwaka 1998 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha kundi la utafiti wa mabwawa ya majitaka na ardhi oevu za kutengenezwa, wakiwemo Tolly Mbwette, ambaye baadaye alikuwa Makamu Mkuu wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, na Jamidu Katima. Mwaka 2001 kundi hilo lilitoa kitabu cha mwongozo, na mitambo ikajengwa katika taasisi: Chuo cha Ualimu Kleruu na Sekondari ya Ruaha huko Iringa, na gereza la Shinyanga. Huo wa mwisho ulijengwa katika mkoa ambao wakati ule ulikuwa ndio mkoa wa watu wa Bariadi, makao ya Simiyu ya leo.

Kibera, Nairobi, ilichukua njia iliyofaa mahali pasipo na nafasi hata ya bustani. Shirika la Umande Trust, lililoanza mwaka 2004, lilijenga pamoja na vikundi vya wakazi vituo vilivyoitwa bio-centre. Chini ya ardhi kuna kuba la matofali linalopokea kinyesi. Vijidudu hukila na kutoa gesi. Ghorofa ya chini kuna vyoo na bafu, ambavyo mtu hulipia shilingi chache. Gesi hupanda kwa bomba hadi kwenye majiko ambako mtu huchemsha maharage au maji ya kuoga. Juu kuna ukumbi au vyumba vya kupangisha: mikutano ya kikundi, ibada, mpira wa televisheni. Fedha hubaki kwa kikundi. Mtambo wa majitaka ukawa jengo ambalo watu wa mtaa hukutana humo, na choo chake kikawa na mwenyewe wa kukisafisha kila asubuhi.

Mji mdogo wa Arcata, California, nchini Marekani, ulionyesha kwamba hata halmashauri inaweza kufanya hivyo. Katika miaka ya 1970 ulitakiwa kujiunga na mtambo mkubwa na ghali wa eneo zima. Wakazi wakakataa. Pamoja na watafiti wa chuo cha jirani, akiwemo Robert Gearheart, walifanya majaribio katika ardhi iliyoharibika pwani, penye jalala la zamani, na mwaka 1986 mtambo wao kamili ulianza kazi: mabwawa, kisha ardhi oevu ambayo ni hifadhi ya ndege na mahali pa matembezi, eneo lote likizidi hekta 120. Watu huenda huko asubuhi kukimbia. Shule hupeleka wanafunzi. Halmashauri ikitaka kupunguza fedha za mtambo huo, haiwezi kufanya hivyo kimyakimya.

Kabla maji hayajafika

Usukuma ulikuwa na somo lake wenyewe la namna watu wanavyolinda mahali pa pamoja. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, katika nchi iliyokuwa ikigeuka jangwa baada ya miaka ya kufyeka misitu na ya kuhamisha watu. Mradi ulishika kasi pale uliporudi kwenye ngitili, desturi ya Wasukuma ya kutenga malisho na kuyafunga hadi kiangazi. Hekta zilizojulikana kuwa ngitili mwaka 1986 zilikuwa kiasi cha 600. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikadiriwa kuzidi 300,000, katika vijiji zaidi ya 800 vya Shinyanga ya wakati huo, ambayo ilijumuisha Bariadi, Maswa na Meatu. Hazikuzungushiwa waya. Zililindwa kwa kanuni za kijiji na kwa dagashida, baraza la jadi, kwa sababu kila kaya ilijua ng'ombe wake watakula humo.

Kisha likaja suala la maji ya Ziwa Victoria. Kwa miongo mingi makubaliano ya mwaka 1929 kati ya Uingereza na Misri yalitishia mradi wowote ambao ungechota maji ya Nili na maziwa yake. Serikali ya Tanganyika ilitangaza mwaka 1962 kwamba haifungwi nayo. Lakini bomba kubwa la kwenda bara lilisubiri hadi karne hii, Tanzania ilipotumia fedha zake kujenga chanzo cha Ihelele, Misungwi, na kupeleka maji Shinyanga na Kahama. Mradi ulizinduliwa mwaka 2009.

Simiyu ilitangazwa mkoa mwaka 2012, makao yake Bariadi, kwa kuunganisha wilaya zilizotoka Shinyanga na eneo la Busega lililotoka Mwanza. Sensa ya mwaka huo ilihesabu watu wapatao milioni 1.58, ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya milioni 2.14. Mwaka 2017 Mfuko wa Kijani wa Tabianchi uliidhinisha fedha za mradi wa Simiyu kupitia benki ya maendeleo ya Ujerumani, KfW, ili kuleta maji ya Ziwa Victoria katika mkoa uliozoea visima na malambo, na usafi wa mazingira ukawa sehemu yake.

Wahandisi hukadiria kwamba kiasi cha asilimia 80 ya maji yanayoingia nyumbani hutoka tena yakiwa majitaka. Kaya inayoteka ndoo tatu kisimani haina majitaka ya kutaja. Kaya yenye bomba, bafu na choo cha kuvuta inayo kila siku. Bariadi imo katika bonde la mito Simiyu na Duma. Kitakachotoka bila kusafishwa kitarudi, pamoja na mbolea za mashamba ya pamba, katika ghuba ileile maji yatakakochotwa, sehemu ya ziwa ambalo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 limesumbuliwa na magugu maji yanayostawi kwa rutuba ya taka.

Kwa hiyo mtambo utahitajika, na historia yote hii inasema uwe mahali pa watu. Lakini Usukuma una tahadhari yake. Hii ni nchi ya kichocho. Konokono wanaoeneza ugonjwa huo hupenda kingo zenye nyasi za maji yaliyotulia, na malambo yenyewe yamekuwa mahali watoto walikoupatia. Bustani ya majitaka ya Bariadi haiwezi kunakili ziwa dogo la mapambo. Mabwawa ya mwanzo yakae ndani ya uzio, upande ambako upepo unaelekea, na miti mingi katikati. Kingo zote zijengwe kwa mawe, zisiote nyasi. Sehemu iliyo wazi kwa watu iwe ile ya kokoto na matete, ambamo maji hupita chini na mtoto hana pa kuchovya miguu. Maji ya mwisho yapimwe: Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 1989, lilitaka yasizidi bakteria 1,000 wa kinyesi katika mililita 100, na yai moja la minyoo katika lita, ndipo yamwagilie mboga zinazoliwa mbichi. Yakifika hapo, yamwagilie kitalu cha miti na uwanja.

Uwanja ndio usiosahaulika. Wasukuma hawahitaji kufundishwa matumizi ya uwanja wa umma. Makundi ya Wagika na Wagalu yameshindana kwa ngoma kwa vizazi, na ngoma ya bugobogobo inataka nafasi pana na watazamaji wengi. Uwanja wa ngoma na mpira, vyoo vya kulipia vinavyotunzwa na kikundi kama Kibera, kitalu cha miche, njia ya kutembea jioni, na kamati ya mtaa yenye nguvu ya dagashida, yenye haki ya kuona matokeo ya vipimo vya maji: hayo hayaongezi gharama kubwa juu ya mtambo. Yanaongeza walinzi.

Kinachohitaji kufanywa kwanza ni cha kawaida kabisa, nacho ni ardhi. Vingunguti ilishindwa pale ramani ya viwanja ilipopita mabwawa bila kuyapangia mahali katika maisha ya mji. Bariadi bado inapima viwanja vyake. Halmashauri itenge sasa bonde la mtambo pamoja na uwanja wake, liandikwe katika mpango wa mji kwa jina la matumizi yote mawili, na wananchi waitwe kulichora kabla mkandarasi hajaitwa. Lambo la kwanza walichimbiwa wengi wao, na wakalifanya lao. La pili wanaweza kulipanga wenyewe.